Karakta wa akiba kwa mchezaji wa Zangief: nimchague kwa kigezo gani?

Duara_Zima

Wakuu, naomba mwongozo. Gemu ni Street Fighter 6, natumia Zangief peke yake (jitu zito la kukamata na kutupa), niko daraja la Master na MR (alama za daraja hilo) inapanda na kushuka kati ya 1500 na 1560. Mashindano ninayoingia ni ya mfumo wa kawaida: ukipoteza mechi mbili umetoka, kila mechi ni wa kwanza kushinda gemu mbili, na kuanzia nane bora ni gemu tatu. Aliyeshinda gemu haruhusiwi kubadili karakta, aliyepoteza ruksa.

Tatizo ni JP, na kwa kiasi fulani Dhalsim, wote wapiganaji wa mbali. Guile naye ananitoa jasho ila tunapelekana. Kwa JP nusu ya raundi inaishia njiani. Nikifika karibu, Drive (mita ya nguvu) imebaki vipande viwili, nikikosa kamata moja tu narudishwa nilikotoka.

Walio kwenye orodha yangu ni Ken, Cammy, Akuma na Marisa. Maswali:

1. Karakta wa akiba afanane na namba moja wangu au awe kinyume chake kabisa?
2. Afundishwe mpaka wapi ndipo aruhusiwe kuingia kwenye mashindano?
3. Nikijua mpinzani ni JP, nianze naye au nisubiri nipoteze gemu ya kwanza?

Tafadhali msiniambie "chagua unayempenda". Ninayempenda ninaye tayari.

---

hasi_nne

Mkuu, kabla ya jina la karakta, fungua marudio yako (video za mechi zako). Chukua raundi 30 ulizopoteza kwa JP, zifuatane, usichague zile zilizokuuma tu. Kila raundi iandikie neno moja, kwa kuangalia pale ilipogeuka na siyo pigo la mwisho:

MBALI: uliumia ukijaribu kufika.
KARIBU: ulifika, ukapokonywa zamu.
KUINUKA: uliangushwa, ukashindwa kukinga ulipokuwa unaamka.
DRIVE: ulimaliza mita, ukaingia Burnout.

Neno linalotawala ndilo linaloamua. KUINUKA na DRIVE hazitibiwi na karakta mwingine, kwa sababu utaziingia nazo kwa huyo mpya. Ukiwa kwenye Burnout, kila pigo unalokinga linampa mpinzani fremu 4 za ziada (sekunde moja ni fremu 60), uwe Zangief uwe nani. Mtu anayeimaliza Drive ovyo kwa Zangief ataimaliza ovyo kwa Ken.

KARIBU ndiyo inayowadanganya wengi. Mfano ni Amnesia, ile JP anayoinua mkono kukusubiri. Inadaka ngumi na mateke, haidaki kamata. Zangief anayeotea Amnesia anapiga SPD (kamata yake kubwa ya kuzungusha) na kuondoka na takriban robo ya afya ya JP. Ken akiotea vizuri vile vile anapata mtupo wa kawaida. Kwa hiyo kama raundi zako nyingi ni KARIBU, ukileta Ken unakuwa umetupa silaha iliyo sahihi na kuchukua hafifu. Hapo dawa ni mazoezi: rekodi JP wa mazoezini akifanya mambo matatu ukiwa pua kwa pua naye, yaani ngumi nyepesi, Amnesia, na kuruka nyuma, halafu yachezeshwe bila mpangilio. Dakika 15, siku tano.

MBALI ikizidi nusu, ndipo tuzungumze habari ya akiba.

Sasa hesabu, maana watu huiruka. Tuseme kila gemu dhidi ya JP Zangief wako anashinda kwa asilimia 30, na karakta wa akiba asilimia 45. Katika mechi ya gemu mbili:

Zangief mwanzo mwisho: nafasi ya kushinda mechi ni karibu asilimia 22.
Zangief kwanza, akiba baada ya kupoteza: karibu 33.
Akiba tangu gemu ya kwanza: karibu 43.

Hilo linajibu swali lako la tatu kwa sehemu kubwa. Akiba anayesubiri upoteze kwanza anakuletea nusu tu ya faida, kwa sababu anaingia ukiwa tayari nyuma gemu moja.

Ila kuna upande wa pili wa mizani. Tuseme JP ni mpinzani mmoja kati ya kumi unaokutana nao. Faida ya asilimia 21, ukiigawa kwa wapinzani wote, ni kama asilimia 2 ya mechi zako. Kama muda uliompa akiba umemshusha Zangief kutoka asilimia 60 hadi 58 kwa gemu dhidi ya wale tisa waliobaki, umepoteza karibu asilimia 2.6 ya mechi. Umefanya kazi miezi mitatu ili upoteze zaidi. Namba hizi ni za mfano, weka zako mwenyewe, lakini umbo la hesabu halibadiliki: akiba analipa kama ni wa bei rahisi kumtunza, au kama huyo JP unakutana naye kila wiki.

---

MpigaHewa

Hesabu ya hasi_nne naikubali, isipokuwa kitu kimoja: anadhani kila dakika ya Ken imeibwa kwa Zangief. Si kweli kwa mambo ya mfumo. Kujibu Drive Impact (pigo zito linalotumia Drive) kwa Drive Impact yako ni jicho lile lile, fremu 26 ni fremu 26. Kuvunja mtupo, kukinga kwa Parry, kumpiga mtu aliyepiga hewa: yote hayo unayafanyia mazoezi kwa karakta yeyote. Kinachoibwa ni muda wa kombo (mapigo yanayoungana) na wa umbali wa vitufe.

Kwenye orodha yako, Marisa mfute leo. Kanuni yangu ni hii: andika mambo matatu yanayomuua karakta wako, halafu mpime anayetaka kuingia akiba. Zangief kwa JP anakufa kwa sababu anatembea taratibu, hana kitu cha kurusha, na mruko wake unasomeka. Marisa hana cha kurusha na naye huingia kwa miguu. Mawili tayari. Hapo umenunua mwavuli wa pili wenye tundu pale pale.

Cammy anatembea haraka, na Cannon Strike inambadilishia njia ya mruko akiwa hewani, kwa hiyo mpinzani anayesubiri kukupiga ukitua anachelewa au anawahi. Tatizo ni kwamba faida ya Cannon Strike inategemea urefu uliopigia. Ukiipiga juu mno, unatua na JP anakuadhibu; ukiipiga chini, zamu ni yako. Tofauti hiyo inahitaji mkono unaocheza Cammy kila siku, na akiba hachezwi kila siku. Kwa hiyo hapana.

Akuma ana kila kitu, ardhini na hewani. Ana afya 9,000. Zangief ana 11,000, walio wengi wana 10,000. Pengo la 2,000 si namba ya kwenye karatasi tu. Mchezaji wa Zangief amezoea kula pigo moja ili apate nafasi ya kukamata, na biashara hiyo ina faida kwake. Mikono hiyo hiyo ikimshika Akuma inafanya biashara ile ile, na makosa matatu tu yanamaliza raundi. Kubadili tabia ya kuhatarisha ni kugumu kuliko kujifunza kombo.

Anabaki Ken. Anarusha Hadoken (kombora), hivyo JP hapati kuweka vitu vyake uwanjani bila kulipia, ana mbio za kukatisha umbali, ana Shoryuken (ngumi ya kupaa), na akishamgusa mtu anamsukuma mpaka ukutani haraka. Ukutani ndiko unakokujua wewe. Akili ya Zangief, ile ya kumfanya mtu aliyebanwa ashindwe kujua kama anakamatwa au anapigwa, inahamia kwa Ken moja kwa moja, mtupo wake ukiwa mdogo zaidi lakini swali likiwa lile lile.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: awe tofauti katika namna ya kufika, afanane katika unachokifanya ukishafika.

---

kitufe_chepesi

Nyongeza kuhusu Ken kwa mtu wa Zangief: kuna mtego wa vidole. Zangief hutembea mbele sana. Ken akitembea mbele, halafu ukazungusha robo duara ya Hadoken upesi, gemu inasoma mbele, chini, chini-mbele, mbele, na inakutolea Shoryuken. Unajikuta umeruka hewani peke yako mbele ya JP. Si kwamba kontrola ni mbovu. Achia mshale urudi katikati kwa muda mfupi sana kabla ya kushuka chini, au anza robo duara kutoka kwenye kuchuchumaa. Lifanyie mazoezi kama zoezi linalojitegemea: tembea hatua tatu, Hadoken, mara 20 kila upande. Likitoka Shoryuken hata mara moja, anza kuhesabu upya.

Na kuhusu jina kubwa dhidi ya jina geni. Wako wanaochagua akiba asiyechezwa na watu. Mashindano ya Evo 2013, kwenye Street Fighter IV, mchezaji Infiltration alimleta karakta Hakan dhidi ya mchezaji PR Balrog. Nguvu ya chaguo kama lile ni kwamba mpinzani hana mazoezi nalo, hajui lipi la kuadhibu na lipi la kuacha. Lakini mshangao una umri. Katika mechi ya gemu mbili unaweza kumaliza kabla hajashtuka, katika mechi ya gemu tatu anapata muda wa kujifunza mbele yako. Na wakishakuona mara moja wanafungua marudio. Mshangao uuchukue kama bakshishi, usiufanye ndiyo mshahara.

---

Duara_Zima

Asanteni sana wakuu. Nimehesabu raundi 30: MBALI 17, KARIBU 8, KUINUKA 3, DRIVE 2. Nimeona kwamba kati ya zile 8 za KARIBU, 5 ni Amnesia, hapo hasi_nne umenifumbua macho.

Kwa hiyo Ken. Sasa mazoezi yake yaweje bila kumuua Zangief? Na je, nimcheze kwa Modern (mfumo wa vitufe vilivyorahisishwa) ili Shoryuken iwe kitufe kimoja? Ingeondoa ule mtego wa kitufe_chepesi.

---

hasi_nne

17 kati ya 30 inatosha kuanza, lakini zile 5 za Amnesia zitibu kwa Zangief sambamba. Huenda ukafika mahali humhitaji Ken kama unavyodhani.

Modern: mapigo maalumu ukiyatoa kwa njia ya mkato yanapungua asilimia 20 ya nguvu, na baadhi ya vitufe vya kawaida hupati kabisa. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni mpangilio. Kwenye Classic una ngumi tatu na mateke matatu. Kwenye Modern kuna kitufe chepesi, cha kati, kizito, na kimoja cha mapigo maalumu. Kidole kinachojua "teke la kati liko hapa" kitakuta kitu kingine hapo, na hilo litatokea katikati ya mechi baada ya kupoteza gemu. Kama ungekuwa mtu wa Modern tangu mwanzo, endelea nayo. Kwa mtu wa Classic, karakta wa pili na mfumo wa pili wa vitufe kwa mpigo ni mizigo miwili kwenye kichwa kimoja.

---

ukuta_wa_kulia

Mazoezi. Kosa kubwa ni kumfundisha akiba kama unavyomfundisha namba moja: kombo 15, mitego ya kila pembe ya uwanja, mwezi mzima chumba cha mazoezi. Akiba wako ana kazi moja, JP na ndugu zake wa mbali. Mpe vifaa vya kazi hiyo tu.

Kwa Ken dhidi ya JP ningempa hivi. Teke la kati la chini likifuatiwa na Hadoken, na lile lile likifuatiwa na Drive Rush (mbio za kutumia Drive). Shoryuken ya kumpiga anayeruka, kwa kitufe kizito. Ngumi nyepesi ya fremu 4 ya kujinasua ukibanwa. Kombo moja ya kuanzia pigo jepesi, moja ya kuanzia pigo zito pale mpinzani anapopiga hewa, moja baada ya Drive Impact kumgonga ukutani. SA3 (Super Art ya tatu, pigo lake kubwa kuliko yote) kuiunga kutoka kwenye Shoryuken, kwa ajili ya kumaliza raundi. Na utaratibu mmoja tu wa kufanya baada ya kumtupa ukutani, chaguo mbili: unapiga, au unasubiri kidogo na kutupa tena. Hapo basi. Zile kombo nzuri za mbio zinazokatishwa katikati waachie wanaomcheza Ken kila siku. Ukiikosa moja tu umempa JP uwanja wote tena.

Ratiba: vipindi vitatu kwa wiki, dakika 30 kila kimoja, na kila mara baada ya Zangief, kamwe si kabla. Dakika 10 za kwanza ni vidole, yaani zoezi la Hadoken hapo juu na kombo tatu. Dakika 10 za pili rekodi JP wa mazoezini: Triglav (mwiba wake wa kutoka ardhini) ikichomoka mbele yako, Triglav ikichomoka mbali, kombora lake la juu, na kuruka. Yachanganywe. Kazi yako ni kusogea mpaka umbali wa teke la kati bila kupigwa zaidi ya mara moja. Usiruke hovyo, kinga kwa Parry inakurudishia Drive kila unapopokea kitu, kwa hiyo kwa JP kusogea polepole mara nyingi kunalipa kuliko kuruka. Ukifika umbali huo, simama. Wengi hufika halafu wakaendelea kutembea, wanapita umbali wao mzuri na kuingia kwenye wa mpinzani. Dakika 10 za mwisho ni mechi na mtu.

Kwa ranked (mechi za kupanda daraja) usiogope. Kila karakta ana alama zake, MR ya Zangief haiguswi Ken akishuka. Lakini ranked itakuletea kila mtu, na wewe unamtaka JP. Chumba maalumu na mtu anayecheza JP kwa saa moja kinazidi ranked ya siku mbili.

Sasa kipimo cha kumruhusu, jibu la swali lako la pili. Viko vitatu. Kwanza, kombo zake tatu mara 10 mfululizo kila upande, kushoto na kulia. Wengi wanapita upande mmoja tu. Pili, mtu wa mazoezini aruke bila mpangilio mara 10 huku akirusha makombora katikati, umpige angalau 8 hewani.

Cha tatu ndicho kinachowaangusha. Mpira wa miguu una mchezaji wa akiba anayepasha misuli kando ya uwanja kabla ya kuingia. Huku hakuna. Umetoka kupoteza gemu, mapigo ya moyo yako juu, una sekunde chache kwenye ukurasa wa kuchagua, na gemu inaanza. Kwa hiyo mjaribu akiwa baridi: cheza Zangief saa nzima, badilisha ghafla, cheza gemu moja ya Ken dhidi ya JP halisi, rudi kwa Zangief. Fanya hivyo mara 10 kwa siku tofauti na uandike matokeo ya hizo gemu 10 tu. Kama baridi Ken anashinda 4 na Zangief wako kwa JP hushinda 3, unajua umepata nini. Watu hupima akiba baada ya gemu 20 mfululizo, vidole vikiwa moto, halafu wanashangaa mbona siku ya mashindano anakuwa mtu mwingine.

---

MpigaHewa

Hicho cha tatu nakipigia mstari. Pia ndiyo sababu karakta mwenye utekelezaji mgumu hafai kuwa akiba hata kama kwenye orodha za nguvu yuko juu. Orodha zile zinapima karakta akichezwa na mtu anayemjua.

---

goti_la_umeme

Kwa watakaosoma hapa wakiwa watu wa Tekken 8, msichukue ushauri huu mzima mzima. Street Fighter ina mipambano inayoelemea upande mmoja kwa sababu ya umbali na makombora. Tekken mzigo mkubwa uko kwenye kujua: gemu ilitoka Januari 2024 na karakta 32, wengine wameongezwa, kila mmoja ana mfululizo wa kuchuchumalia, wa kukwepea pembeni, na wa kukatisha. Ukibadili karakta bado hujui mfululizo wa mpinzani unakatishwa wapi. Umebadilisha shati, homa imebaki.

Kabla ya kutafuta akiba, tumia uwezo wa gemu wa kuingia ndani ya marudio yako na kushika usukani pale ulipopigwa. Jaribu kukwepa kushoto, kulia, kuchuchumaa, kukatisha kwa jebu ya fremu 10. Ukiona jibu lipo na karakta wako analiweza, umeokoa miezi.

Akiba ana maana Tekken pale ambapo karakta wako hana kifaa. Mfano, mpinzani anaishi kwenye pigo ambalo ukilikinga anabaki hasi 14 (amechelewa fremu 14), na karakta wako kwenye fremu 14 hana adhabu ya maana, analipwa kwa adhabu ya fremu 10 tu. Au mpinzani anayekwepa pembeni siku nzima na wewe mapigo yako ya kufuatilia ni ya polepole. Hapo mtafute mwenye kifaa hicho hicho kinachokosekana. Kima cha chini cha kumleta mashindanoni: adhabu za fremu 10, 12, 14 na 15 ukiwa umesimama, adhabu mbili za kuinukia kutoka kuchuchumaa, pigo moja la kufuatilia anayekwepa, pigo la chini unaloliamini, kombo moja ya kuinua na mwisho wake wa ukutani, na ujue kwa hakika ni pigo gani linakuwashia Heat (hali ya kuongezewa nguvu kwa muda), maana Heat ni mara moja tu kwa raundi na akiba wengi hufa nayo mfukoni.

Smash Ultimate ni habari nyingine kabisa. Kanuni zilizozoeleka huko, mshindi anazuia viwanja kadhaa, aliyepoteza anachagua uwanja, kisha mshindi anachagua karakta, na aliyepoteza anachagua mwisho. Kwa kuwa hata mshindi anaweza kubadilika, akiba wa huko anachaguliwa kwa uwanja kama anavyochaguliwa kwa mpinzani. Na gemu za timu kama Dragon Ball FighterZ hakuna "akiba mmoja": ukimtoa mmoja kati ya watatu, msaada uliokuwa unawaunga wawili waliobaki umeondoka naye, na kombo zao lazima zijengwe upya.

---

Duara_Zima

Nimeelewa. La mwisho: kwa hesabu ya hasi_nne nianze na Ken moja kwa moja nikijua ni JP. Je, kama mpinzani ana JP na mwingine? Nikishaonyesha Ken si anabadilisha?

---

hasi_nne

Kama ana wawili, mwombe mwamuzi uchaguzi wa siri kwa gemu ya kwanza. Unamnong'oneza mwamuzi karakta wako, mwenzako anachagua wa kwake akiwa haoni, nawe unatimiza ulichosema. Ni haki yako katika mashindano mengi, na inazuia ule mchezo wa wawili kukaa kwenye ukurasa wa kuchagua mkitegeana. Iombe kabla yeyote hajaweka kidole kwenye karakta, si baada.

Nini cha kumnong'oneza? Kama JP ndiye anayemtoa mara nyingi, Ken. Akipoteza na JP, wewe umefungwa kwa Ken na yeye ataleta wa pili wake. Kwa hiyo kabla ya kukaa kitini jiulize huyo wa pili ni nani. Kama ni karakta ambaye Zangief anamla lakini Ken wako wa vifaa nane hajui lolote juu yake, hesabu inapinduka, na Zangief kwanza inakuwa sawa: ukipoteza kwa JP unamleta Ken, na mshindi yule hawezi kubadilisha, JP anabaki JP.

Na ukipoteza gemu ya kwanza ukiwa na Ken, usikimbilie kurudi kwa Zangief kwa sababu tu umepoteza. Jiulize kwa lile neno moja. Raundi zilikwenda MBALI? Baki na Ken, rekebisha. Zilikwenda KARIBU, kwa Amnesia? Mlete Zangief, hiyo ndiyo kazi yake.

---

ukuta_wa_kulia

Jambo dogo lililowahi kutoa watu kwenye mechi: kwenye ukurasa wa kuchagua, ukibadili karakta, hakikisha maandishi chini yake ni Classic na siyo Modern, kisha angalia mpangilio wa vitufe uliowekwa ni wa kwako. Bonyeza kila kitufe mara moja raundi inapofunguka, kabla hamjaanza kupigana. Kama kuna kilichokosewa, inua mkono pale pale kwa mwamuzi. Ukishapigana nusu raundi ndipo ulalamike, aghalabu raundi hiyo inahesabiwa umeipoteza.